Ushahidi wa Taa ya Cheki Injini

Taa ya cheki injini ni alama ya manjano yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi pindi kompyuta ya gari inapoona kipimo fulani kimevuka mpaka uliowekwa. Huwaka pia kila swichi inapofunguliwa kabla injini haijaunguruma, kisha huzimika. Wakati huo haisemi lolote kuhusu injini, inaonyesha tu kwamba yenyewe iko hai na ina uwezo wa kusema. Ikibaki inawaka gari likiwa linatembea, mwenye gari anakuwa amefika, pengine bila kujua, mbele ya swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelijadili tangu kale: ishara inajua nini, na anayeiona aiamini kiasi gani?

Swali hilo lina sehemu tatu, nazo hufuatana kama hatua za kazi yenyewe. Ya kwanza ni maana: taa inapowaka inasema nini hasa. Ya pili ni sababu: mtu anatokaje kwenye ishara hadi kwenye kilichoizaa. Ya tatu ni wajibu: aliyeiona ishara anadaiwa nini, na nani anamdai. Mtu anayelipima gari lake nyumbani, akiwa na spana chache na kisomeo kidogo cha kodi, yaani alama ambazo kompyuta huandika inapoona hitilafu, hupita sehemu zote tatu ndani ya alasiri moja. Makosa mengi ya kazi hii yana mzizi mmoja, nao ni kumpa shahidi kiti cha hakimu. Taa hueleza ilichokiona. Hukumu inamngoja anayeisikiliza.

Moshi na mawingu

Kiswahili kina methali mbili za ishara ambazo watu huzitumia kana kwamba ni moja: pafukapo moshi pana moto, na dalili ya mvua ni mawingu. Zote zinafundisha kwamba kisichoonekana hujulikana kwa kinachoonekana, lakini kila moja ina njia yake. Moshi huzaliwa na moto, kwa hiyo anayeuona anarudi nyuma, kutoka kwa mtoto hadi kwa mzazi. Mawingu huizaa mvua, kwa hiyo anayeyaona anakwenda mbele, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto ambaye huenda asizaliwe. Moshi unathibitisha moto bila kueleza nani aliuwasha wala kwa nini. Mawingu yanaeleza mvua hutoka wapi, ila mengi hupita bila kunyesha.

Tofauti hiyo ina historia ndefu katika mantiki. Aristotle aliionyesha kwa mfano wa sayari, ambazo hazimetameti kama nyota. Kwa kuona hazimetameti, mtu anaweza kuhitimisha kwamba ziko karibu. Lakini ukaribu ndio sababu, na kutometameta ni matokeo yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizitenga hoja hizo kwa majina: burhani ya inna, inayothibitisha kwamba jambo lipo, na burhani ya lima, inayoeleza kwa nini lipo. Mtu aweza kuwa na ya kwanza kamili na asiwe na ya pili hata chembe.

Taa ya cheki injini ni moshi. Inatoa burhani ya inna peke yake: kuna jambo. Wenye magari wengi huisoma kama mawingu, yaani kama habari ya msiba unaokuja, wakaogopa injini itakufa barabarani. Wengine huisoma kana kwamba imekwisha taja mkosaji, wakaenda dukani kununua kifaa. Wote wameipa maneno ambayo haikuyasema.

Augustino wa Hippo, katika kitabu chake cha kufundisha namna ya kusoma Maandiko, aligawa ishara katika makundi mawili. Kuna ishara za asili, kama moshi au unyayo wa mnyama, ambazo huashiria bila mtu kukusudia. Na kuna ishara za kutolewa, kama maneno, ambazo kiumbe humpa mwenzake kwa makusudi. Taa hii imesimama katikati ya makundi hayo. Kwa upande mmoja imefungwa kwa nyaya kwenye jambo halisi, kama unyayo ulivyofungamana na mguu. Kwa upande wa pili, mpaka unaoiwasha uliwekwa na watu waliokaa mezani. Jimbo la California, lililosumbuliwa na moshi wa magari, ndilo lililotangulia kudai magari yajipime yenyewe. Kuanzia magari ya mwaka wa modeli 1996, mfumo mmoja ukawa wa lazima Marekani nzima, na Umoja wa Ulaya ukaufuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa vipimo vingi, mpaka uliochaguliwa ni pale uchafu wa moshi unapokadiriwa kufikia mara moja na nusu ya kiwango kilichoruhusiwa.

Asili hiyo inaeleza mipaka ya taa. Sheria iliyoizaa ilikusudia hewa ambayo watu wanaivuta, kwa hiyo taa inachunga kwanza kinachotoka kwenye eksozi. Breki zilizoisha, tairi lililopasuka ubavuni na usukani uliolegea haivijui. Gari lisilowasha taa hiyo linaweza kuwa la hatari kabisa, na shahidi asilaumiwe kwa jambo ambalo hakuwekwa kulitazama.

Taa tulivu na taa inayopepesa

Kabla ya kufungua boneti, kinachotazamwa ni namna taa inavyowaka. Ikiwaka bila kupepesa, maana yake kwa hitilafu nyingi ni kwamba kompyuta imeliona kosa lilelile katika safari mbili mfululizo. Mara ya kwanza huliandika kimya, kama kodi inayosubiri. Likijirudia ndipo huwasha taa. Sheria ya Musa haikukubali mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja, na fikihi ya Kiislamu nayo inataka mashahidi wawili katika mambo mengi. Wahandisi waliotunga kanuni ya safari mbili walikuwa na hofu ileile ya mahakama: kwamba kuona mara moja kunaweza kuwa kuteleza kwa jicho.

Taa inayopepesa haingoji safari ya pili. Hupepesa silinda moja au zaidi inapomisi (inaposhindwa kuunguza petroli yake) kwa kiwango cha kuharibu masega, yaani chombo cha kusafisha moshi kilichomo kwenye eksozi. Ndani yake mna vitundu vingi kama vya sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladi na rodi. Petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda huenda kuungulia humo, na joto lake linaweza kuviyeyusha vitundu hivyo. Dereva hupunguza mwendo, huacha kukanyaga mafuta kwa nguvu, na husimama mahali salama. Taa nyekundu ya oili au ya joto ina amri kali zaidi: injini huzimwa papo hapo. Hizi ni ishara ambazo kuzitii hutangulia kuzielewa, na busara ya kutofautisha ishara ya kutii na ishara ya kuchunguza ni sehemu ya maarifa yenyewe.

Kodi na picha ya wakati

Baada ya hapo shahidi huulizwa. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi yenye nafasi za pini 16. Kisomeo huchomekwa humo, swichi hufunguliwa, na kodi za hitilafu huonekana kwenye kioo chake au kwenye simu iliyounganishwa kwa bluetooth. Afrika Mashariki kuna kikwazo kimoja cha kujulikana mapema. Magari mengi yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yalitumika Japani na yaliundwa kwa soko la huko. Baadhi ya yale ya zamani yana soketi ya umbo hilohilo, lakini kompyuta zake hazizungumzi lugha ya pamoja ya Marekani na Ulaya. Kisomeo cha bei ndogo hushindwa kuyasikia. Kutosikia huko kusichukuliwe kuwa gari halina kosa.

Kila kodi ina herufi moja na tarakimu nne, na kila nafasi ina maana. Katika P0302, herufi P inataja injini na gia. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba kodi ni ya pamoja kwa watengenezaji wote. Moja mahali hapo ingeonyesha kodi ya mtengenezaji mwenyewe. Tatu inataja uwashaji na kumisi. Tarakimu mbili za mwisho zinataja silinda: ya pili. Tarakimu ya kundi ikiwa moja, jambo linahusu mafuta na hewa. Ikiwa nne, linahusu vifaa vya kusafisha moshi. Ikiwa saba, linahusu giaboksi.

Pamoja na kodi, kompyuta huhifadhi picha ya wakati kosa lilipoonekana: injini ilikuwa na joto gani, ilizunguka mara ngapi kwa dakika, gari lilikuwa katika mwendo gani, mzigo ulikuwa kiasi gani. Picha hii huandikwa daftarini kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu kufuta kodi hufuta na picha. Kosa la asubuhi injini ikiwa baridi lina ukoo tofauti na kosa la mlimani gari likiwa limesheheni.

Kodi iliyosomwa kikamilifu bado ni moshi, ila moshi uliokaribiwa. P0171 husema kwamba mchanganyiko ni mwepesi, yaani hewa imezidi petroli. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Uwiano huo waweza kuharibika kwa mpira wa hewa uliopasuka, kwa sensa ya hewa iliyochafuka, kwa pampu ya mafuta iliyochoka, au kwa chujio lililoziba. Kodi ni ileile moja kwa visa vyote hivyo, kama homa ilivyo moja kwa malaria na kwa kidonda kilichoingia usaha.

P0420 inafundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Husomwa kwamba masega hayafanyi kazi ipasavyo, na wengi hukimbilia kununua mengine, ambayo ni miongoni mwa vifaa ghali kabisa vya gari. Lakini kompyuta haijawahi kuyaona masega. Katika magari mengi inachokiona ni umeme wa sensa mbili za oksijeni. Ya mbele hupanda na kushuka, takriban kati ya volti 0.1 na 0.9, ya nyuma hutakiwa kutulia, kwa kuwa masega mazima hupokea oksijeni na kuitoa polepole. Ya nyuma ikianza kuyumba kama ya mbele, kompyuta inahitimisha kwamba masega yamekufa. Hitimisho hilo linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kuwa limeletwa na eksozi iliyotoboka karibu na sensa, au na sensa yenyewe iliyozeeka. Na hata likiwa kweli, masega hayajiui mara nyingi: yanauawa na silinda inayomisi au injini inayokula oili. Anayebadilisha masega bila kumtafuta muuaji anampelekea mwathiriwa wa pili.

Pamba, moto na koili

Njia kutoka kwenye ishara hadi kwenye sababu ndipo penye mgogoro mkubwa wa kifalsafa. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, aliuweka wazi katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa. Pamba ikiguswa na moto huungua. Jicho linaona kuungua kunatokea pamoja na mguso, lakini halioni kwamba kumetokea kwa mguso. Kwake yeye kiungo cha lazima kati ya mambo hayo mawili hakimo katika vitu vyenyewe. Mambo hufuatana kwa sababu Mungu ameyapanga yafuatane. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alijibu kwamba anayeondoa sababu katika vitu anaiondoa akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake. Karne nyingi baadaye, mwaka 1748, David Hume wa Uskoti alirudia shaka iliyofanana na ya Al-Ghazali, bila kumweka Mungu mahali pa kiungo kilichokosekana.

Gereji haiwezi kuumaliza mgogoro huo, ila inaonyesha kwamba kila upande una kazi yake. Taa ikiwaka kilomita chache baada ya kujaza mafuta, wa kwanza kulaumiwa ni muuza petroli. Tahadhari ya Al-Ghazali inafaa hapo: mambo mawili yamefuatana, na kufuatana hakujawa kuzaana. Katika magari yaliyoundwa kwa soko la Marekani, ambayo hupima uvujaji wa mvuke wa petroli, mkosaji anaweza kuwa kifuniko cha tanki kilichofungwa vibaya pampuni. Lakini tahadhari peke yake haitengenezi gari. Fundi anayeshika spana amekwisha kukubali, pamoja na Ibn Rushd, kwamba kuna kitu kinachosababisha na kwamba kinaweza kufikiwa.

Kinachomvusha kutoka shaka hadi kukubali ni jaribio. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, aliieleza njia aliyoiita ya tofauti: visa viwili vikifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na tokeo likawepo katika kisa kimoja na kukosekana katika kingine, basi kile kimoja ni sababu au sehemu ya sababu. Kodi P0302 ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Silinda ya pili inamisi; wanaoshukiwa ni koili, plagi, nozeli, au mgandamizo mdogo ndani ya silinda. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, katika gari lenye koili moja kwa kila silinda, koili ya silinda ya pili huhamishiwa ya nne, na ya nne huletwa ya pili. Kodi hufutwa, gari huendeshwa. Ikija P0304, kosa limeifuata koili, na koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0302, koili imesafika, na zamu ni ya plagi kwa njia hiyohiyo.

Jaribio hilo halimgharimu mtu chochote, nalo lina sharti moja: kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha koili, plagi na nozeli kwa mpigo anaweza kuliponya gari, lakini hatajua kilichoumwa. Atakuwa amelipia vifaa vizima, na kosa likirudi mwezi ujao ataanzia pale alipoanzia mwanzo.

Si kila kosa linakubali kuhamishwa hivyo. Mpira uliopasuka hauna mwenzake wa kubadilishana naye, na hapo tofauti hutafutwa katika hali za injini yenyewe. Kwa P0171, kisomeo huonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia upungufu. Ikiwa nyongeza ni kubwa gari likiwa limesimama huku likiunguruma, kisha inashuka injini ikipandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna tundu linaloingiza hewa: hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya pumzi ndogo, na ni sehemu ndogo ya pumzi kubwa. Ikiwa nyongeza inakua kadiri mzigo unavyokua, petroli haifiki ya kutosha, na shaka huelekea kwenye pampu na chujio. Hata hivyo, utaratibu mwema huanza na yanayoonekana bure: mipira yote ya hewa hukaguliwa kwa macho na mikono, viungio vya nyaya huchomolewa na kutazamwa kutu, chujio la hewa hufunguliwa, oili na maji hupimwa. Injini haiungurumishwi ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua bila harufu, na kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto.

Upimaji wa nyumbani una ukomo wake. Presha ya petroli, mgandamizo wa silinda, mnyororo wa taimingi na giaboksi hutaka vyombo na mazoea ambayo wenye magari wengi hawana. Anayefika kwenye ukomo huo akiwa na kodi zilizoandikwa, picha ya wakati, na orodha ya majaribio yaliyofanyika hampelekei fundi gari tu. Anampelekea kesi iliyokwisha kusikilizwa nusu.

Kumnyamazisha shahidi

Kisomeo kilekile kinachosoma kodi kina kitufe cha kuzifuta. Taa huzimika mara moja na dashibodi huwa safi. Kuchomoa waya wa betri huleta matokeo hayo katika magari mengi. Wapo wanaong'oa taa yenyewe au kuibandika kitu. Wapo wanaoyatoa masega, wakauza madini yake, kisha wakaweka kipande cha chuma kinachoisogeza sensa ya nyuma mbali na mkondo wa moshi ili isione kilichopotea. Kwa mtu mwenye haraka matendo haya yanafanana. Kimaadili yana daraja tofauti. Kufuta kodi baada ya kuiandika, ili kuona kama itarudi, ni sehemu ya jaribio. Kuifuta ili isionekane ni kumnyamazisha shahidi. Kuisogeza sensa ni kumfundisha shahidi kusema uongo.

Dini zilizokita mizizi pwani na bara zimelijadili kosa hili kwa mifano ya zamani iliyo karibu sana na gereji. Nabii Yeremia aliwashutumu makuhani na manabii wa Yerusalemu waliolitibu jeraha la watu kijuujuu, wakitangaza amani mahali pasipo na amani. Kosa lao halikuwa kushindwa kuponya. Lilikuwa kuondoa malalamiko na kuliacha jeraha. Katika hadithi iliyokusanywa na Imamu Muslim, Mtume Muhammad aliingiza mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali alieleza kwamba ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Nafaka kunyeshewa si dhambi, na gari kuharibika si dhambi. Kinachohukumiwa ni mpangilio wa lundo.

Gari linalouzwa kodi zikiwa zimefutwa jana yake usiku ni lundo la namna hiyo, na mfumo wenyewe una mkono wa kufika chini. Kompyuta huweka orodha ya majaribio inayojifanyia, na kodi zikifutwa orodha hiyo nayo hurudi kuwa haijakamilika. Inahitaji siku kadhaa za safari za kawaida ili ijae tena. Mnunuzi anayechomeka kisomeo na kuona hakuna kodi, lakini majaribio mengi hayajakamilika, amegusa unyevu. Katika magari mapya ya soko la Marekani, kuanzia miaka ya modeli ya 2010 hivi, kuna hata kodi za kudumu ambazo kisomeo hakiwezi kuzifuta. Huondoka pale tu kompyuta inaporidhika kwamba kosa halipo. Aliyeing'oa taa naye huumbuliwa na kiapo cha kila asubuhi: swichi ikifunguliwa na alama isiwake hata kidogo, shahidi ametolewa mahakamani.

Dhamana hiyo haiishii kwa muuzaji mdogo. Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka katika magari ya dizeli programu iliyotambua gari linapokuwa kwenye mtambo wa kupimwa, ikasafisha moshi wakati huo na kuulegeza barabarani. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Tofauti kati ya tendo hilo na kipande cha chuma kwenye sensa ni ya ukubwa tu, kwa maana aliyedhulumiwa ni yuleyule: mtu asiyemiliki gari hilo, asiyejua kuna taa, anayevuta hewa yake kando ya barabara. Yeye ndiye ambaye taa iliwekwa kwa ajili yake. Mwenye gari huiona, lakini haikuandikwa kwa jina lake peke yake, na ndiyo maana kuizima bila kutengeneza hakuwi jambo la siri kati ya mtu na mali yake. Aliyeiona anashika amana ya wengine.

Lini gari limepona

Linabaki swali la mwisho, na ndilo linalosahaulika zaidi: ni wakati gani mtu ana haki ya kusema kosa limekwisha? Taa kuzimika baada ya kufutwa hakuthibitishi lolote, kwa sababu shahidi hajarudi kutazama. Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934 kuhusu mantiki ya sayansi, alishikilia kwamba dai la jumla haliwezi kuthibitishwa moja kwa moja. Linaweza tu kupitishwa kwenye majaribio ambayo yangeliangusha kama ni la uongo. Kusema gari limepona ni dai la namna hiyo. Hupimwa kwa kulirudisha gari katika hali zilezile za picha ya wakati: kama kosa lilionekana injini ikiwa baridi, huwashwa asubuhi; kama lilionekana mlimani, hupandishwa mlima.

Mafundisho ya toba katika Uislamu yana mpangilio unaofanana na huo. Majuto pekee hayatoshi. Tendo liachwe, kuwe na azma ya kutolirudia, na haki ya mtu iliyochukuliwa irudishwe kwa mwenyewe. Ukristo nao umesisitiza matunda yanayoonekana kuliko tamko la mdomo. Katika yote hayo, badiliko la ndani husemewa na muda pamoja na mwenendo, na aliyetubu hajiandikii cheti mwenyewe.

Kompyuta ya injini ina subira ya aina hiyo. Kosa likitengenezwa bila kodi kufutwa, kwa kawaida taa hujizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo jaribio la kosa hilo limefanyika na kufaulu. Kodi haiondoki siku hiyo. Hubaki kumbukumbuni, taa ikiwa imezimika, mpaka injini imepoa na kupata moto tena mara 40 bila kosa kurudi. Ndipo shahidi anapoufunga ukurasa huo wa daftari lake.